Bustani ya mboga Karagwe huanzia jalalani

Pita nyuma ya nyumba yoyote ya Karagwe au Kyerwa mvua za vuli zikishashika, utaona mchicha ambao hakuna aliyeupanda. Umesimama pembeni mwa jalala, karibu na zizi la mbuzi, au chini ya mgomba unaomwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Majani yake ni mapana, ya kijani kilichokolea, na unakua haraka kuliko familia inavyoweza kuula. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kipande kilicholimwa kwa uangalifu, kikapigwa matuta yaliyonyooka na kusiwa mbegu za dukani, kuna mchicha mwingine: mwembamba, wa manjano, umeanza kutoa maua kabla haujafika magotini. Mvua ni moja, jua ni moja, na uliohudumiwa ndio uliodumaa.

Hali hii nimeiona kwa watumishi waliohamia Kayanga na Omurushaka, kwa vijana walioanza maisha Nkwenda, na kwa wastaafu waliorudi kwao Isingiro na Kaisho wakiwa na hamu ya kula mboga za mikono yao. Karibu wote huanza na jembe na pakiti ya mbegu. Wachache sana huanza kwa kuuliza udongo ule umekula nini miaka kumi iliyopita. Kwa wilaya hizi mbili, nasema bila kusita, swali hilo ni nusu ya kazi. Wadudu, maji na soko vinafuata nyuma yake.

Mgeni huponzwa na kijani anachokiona. Toka Kayanga uelekee Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na njia nzima ni migomba, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, magimbi, maboga yanayotambaa, na mshambya mmoja mmoja umesimama katikati ukitoa kivuli na mbao. Hicho ndicho kibanja, shamba la nyumbani la Wanyambo na la jirani zao Wahaya. Anayekitazama kwa mara ya kwanza huamini kwamba ardhi ya huku imebarikiwa yote, ukidondosha mbegu inaota. Ukweli ni kwamba kibanja kina rutuba kwa sababu kimelishwa. Vizazi kwa vizazi nyasi zilikatwa vilimani zikatandazwa kwenye migomba, samadi ya ng'ombe ikabebwa hadi hapo, na majivu, maganda ya ndizi na makapi ya maharage yakarudi shambani kila siku. Toka nje ya kibanja, panda kilimani nyasi zinapoanzia, kisha uchimbe. Udongo utakaoukuta hapo ndio wa Karagwe kabla haujaguswa na mkono wa mtu, na kwa mboga ni udongo mchoyo.

Viwanja vipya vya makazi hukatwa huko huko mlimani. Anayejenga husawazisha kwanza, na katika kusawazisha hukwangua tabaka jeusi la juu na kulisukumia bondeni. Nyumba ikiisha, mama mwenye nyumba anaoneshwa sehemu ya bustani: ni ule udongo mwekundu uliobaki, ambao haujawahi kuiona samadi. Hapo ndipo mbegu za karoti zinapomwagwa.

Udongo wa sehemu kadhaa za Karagwe ni wa aina ambayo wataalamu huiita andosoli. Ni mwepesi, unalimika vizuri na unashika maji. Tatizo lake ni uchachu, na jinsi unavyoing'ang'ania fosforasi. Fosforasi ipo ndani yake lakini imefungwa, mizizi haiwezi kuichukua. Mmea usiopata fosforasi hudumaa, mizizi yake hubaki mifupi, na majani hugeuka rangi kama ya zambarau upande wa chini. Mkulima anayeanza huiona rangi hiyo akadhani ni baridi ya usiku.

Yapo majaribio yaliyofanyika hapa hapa Karagwe, na ningependa kila anayeshika jembe ayajue. Shirika la Mavuno, lililoanzishwa na wakulima wenyewe mwaka 1993, lilishirikiana na watafiti kutoka Berlin, akiwamo Ariane Krause, kupima mbolea zinazotoka ndani ya nyumba ya mkulima: tope la bayogesi, mboji ya kawaida, na mboji iliyochanganywa na vumbi la mkaa na kinyesi cha binadamu kilichopashwa moto hadi vijidudu vikafa. Walipanda mazao saba kwa mchanganyiko, yakiwamo mahindi, kwenye vipande vya mita 9 za mraba kila kimoja, yaani ukubwa wa bustani ya nyumbani hasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mahindi yaliyoachwa bila kitu yalitoa tani 1.10 kwa hekta. Yaliyopewa tope la bayogesi yalitoa tani 2.63, ya mboji ya kawaida tani 3.18, na ya mboji yenye vumbi la mkaa tani 4.40, mara nne ya yale yaliyonyimwa. Katika udongo uliopewa mboji hiyo ya mwisho, kipimo cha pH kilipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi inayoweza kutumiwa na mmea ikapanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kilo ya udongo.

Kilichonigusa zaidi katika utafiti huo ni jambo moja. Walipopima uwezo wa udongo kutunza maji, hawakuona tofauti ya maana kati ya vipande. Mvua ilikuwa ile ile na unyevu ule ule. Kilichotofautisha ni chakula. Ndiyo maana mchicha wa jalalani unanenepa na wa kwenye tuta unadumaa ilhali yote imelowa sawasawa.

Mwalimu mmoja kijana, jirani yangu aliyehamia kutoka mikoa ya kati, alilipata somo hili kwa bibi wa nyumba ya pili. Bibi alikuja kusalimia, akaipokea heshima yake ya shikamoo, akasimama kwenye tuta la sukuma wiki lililogoma kukua tangu mwezi uliopita. Hakuuliza mbegu zilitoka duka gani wala dawa ipi imepigwa. Aliuliza Mwalimu anatupa wapi maganda ya ndizi. Mwalimu akamwonesha shimo la taka kwenye kona, ambalo huchomwa moto kila Jumamosi ili uwanja ubaki safi. Bibi akatikisa kichwa, akamwambia kwamba mboga zake amekuwa akizichoma humo shimoni kila wiki. Alichukua jembe mwenyewe, akafukua pembeni mwa shimo mahali moto ulipokuwa haufiki, akatoa kiganja cha udongo mweusi uliochambuka, una minyoo, unanuka mvua. Akaumimina kwenye mikono ya Mwalimu. Jumamosi iliyofuata moshi haukuonekana.

Kutengeneza mboji hakuhitaji pesa, kunahitaji uvumilivu, na hapo ndipo wengi hushindwa. Weka tabaka la mabua au majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, kisha tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya mbuzi, kuku au ng'ombe, kisha udongo kidogo wa kibanjani ulio na uhai ndani yake. Rudia hadi kimo cha kiuno, funika kwa majani ya mgomba, na chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe: ikiwa na joto, kazi inaendelea ndani, ikiwa baridi na kavu, mwagia maji, ikiwa baridi na inanuka, geuza lundo lipate hewa. Baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na kitu cheusi chepesi usichoweza kukitambua kilikuwa nini. Tandaza unene wa vidole viwili kwenye tuta na uchanganye na udongo wa juu.

Majivu ya jikoni hupunguza uchachu, na kwa udongo wetu hayo ni malighafi ya thamani. Lakini yasichanganywe na samadi mbichi, kwa sababu hufukuza naitrojeni ikapotea hewani. Harufu kali inayopanda puani ndiyo hiyo mbolea inayoondoka. Nyunyiza majivu kidogo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Samadi mbichi nayo usiiweke kwenye mche: inaunguza. Kinyesi cha binadamu kisigusane na mboga, hasa zinazoliwa mbichi, kama hakijapitia joto la kuua vijidudu kama walivyofanya wale watafiti. Na tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, mgomba ulioonesha dalili usitumike kwenye mboji itakayorudi kibanjani, wala panga lililoukata lisitumike kwingine kabla ya kupitishwa kwenye moto.

Udongo ukishashiba, matatizo yanabadilika sura. Mmea ulionenepa huvutia walaji.

Wa kwanza ni sota. Umepandikiza miche ya kabichi jioni, ikalala imesimama wima, asubuhi unakuta mitatu imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kana kwamba mtu amepita na mkasi. Anayeanza hutazama majani akitafuta mdudu, haoni kitu, anawalaumu kuku. Mdudu yupo pale pale. Kwangua udongo kuzunguka mche uliokatwa, kina cha vidole viwili tu, utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu amejikunja. Usiku hutoka akala, mchana hulala chini ya meza yake. Kwa bustani ya nyumbani hakuna dawa inayoshinda kumtafuta kwa mkono alfajiri na kuzungushia kila mche majivu makavu au kipande cha chupa ya plastiki iliyokatwa pande zote mbili, iliyozamishwa kidogo ardhini. Kuku nao wana makosa yao, lakini hayo ni ya kuzibwa kwa fito.

Kinyausi ni ugonjwa wa kitaluni: miche inaota vizuri, kisha inalainika shingoni na kuanguka kwa mafungu. Huchochewa na kusia mbegu kwa msongamano na kumwagilia kupita kiasi, yaani na upendo mwingi wa mtu anayeanza. Sia kwa mistari, mwagilia asubuhi, na punguza kivuli mapema.

Halafu kuna nyanya. Kila anayeanza anataka nyanya, na naelewa sababu: sokoni bei yake hupanda na kushuka, na mchuzi bila nyanya hauendi. Mbegu nzuri zipo. Tanya na Tengeru 97, ambazo ziliidhinishwa mwaka 1997 baada ya kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, bado zinatafutwa na wakulima wadogo. Hata hivyo namshauri kila mgeni wa bustani aiache nyanya hadi msimu wa pili au wa tatu. Katika vilima hivi vyenye ukungu wa asubuhi, bakajani chelewa hushuka wakati wa mvua na kuacha majani meusi kama yaliyochomwa ndani ya siku chache. Anayepanda nyanya lazima asimike miti, aondoe majani ya chini yanayogusa udongo, aache nafasi ya hewa kupita, na amwagilie chini, asinyeshee majani.

Na tangu mwaka 2014 kuna kanitangaze. Nondo huyu mdogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Alivuka akaingia Hispania mwaka 2006, na miaka minane baadaye akaonekana Tanzania. Kiwavi wake haishi juu ya jani wala chini yake. Anaishi katikati, kati ya ngozi mbili za jani. Liinue jani lililoshambuliwa ulielekeze kwenye jua: utaona madoa meupe yanayopitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta, na ndani yake kivuli kidogo cha kiwavi na vidoti vyeusi vya uchafu wake. Ndiyo sababu dawa inayonyunyiziwa juu mara nyingi haimfikii, na wakulima wanaorudia dawa ile ile wanampa nafasi ya kuizoea. Kwenye bustani yenye miche kumi mkono una nguvu kuliko bomba: kagua kila siku ya pili, chuma majani yenye madoa, yafukie kwa kina. Usipande nyanya mahali palipotoka nyanya, bilinganya au viazi mviringo, kwa kuwa zote ni chakula chake.

Kwa nini basi mtu asianze na kile ambacho ardhi inakipa bure? Mchicha, mnavu, majani ya maboga, sukuma wiki, nyanya chungu. Mchicha huanza kuvunwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Mnavu uliozoea mazingira ya hapa huota wenyewe kwenye udongo wenye mbolea. Hamisha miche yake uipange kwenye tuta, utashangaa unavyoshukuru. Sukuma wiki ukiichuma majani ya chini kila wiki inaendelea kukupa kwa miezi. Ushindi wa mapema ni muhimu sana kwa mtu anayejifunza. Aliyekula mboga yake mara ya kwanza ana nguvu ya kupambana na sota. Aliyeanza na nyanya akavuna majani meusi huliacha jembe likaota kutu.

Baada ya wadudu kuna maji. Hapa mvua huja mara mbili, vuli kuanzia Septemba na masika kuanzia Machi, kisha Juni hadi Agosti ni kiangazi. Bustani nyingi hufa Julai. Hesabu yake inafaa kufanywa mapema: tuta la mita 1 kwa mita 5 linataka lita 20 hivi kwa siku katika jua kali, yaani ndoo moja kubwa. Kwa siku 90 za ukame ni lita 1,800. Paa la bati la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, hutiririsha lita 1,000. Kwa hiyo mvua mbili nzuri za Mei zingeweza kulibeba tuta hilo kiangazi kizima, kama kungekuwa na tangi la kuzipokea. Asiye na tangi apunguze matuta, abakize moja karibu na jikoni, alifunike kwa matandazo ya nyasi kavu, na alipe maji ya kuoshea mboga na mchele. Kiroba kilichojazwa udongo na mboji, na kupandwa sukuma wiki juu na ubavuni, hutumia maji kidogo na kinakaa mlangoni.

Wengine hushuka bondeni, ambako unyevu haukauki, na mboga nyingi zinazouzwa Omurushaka wakati wa kiangazi hutoka huko. Huko nako kuna mipaka: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mto ukijaa udongo wa matuta yetu, wa chini watakunywa tope.

Kuna pia tabu ya kufanikiwa. Kabichi thelathini zilizopandikizwa siku moja hukomaa wiki moja, na jirani naye zake zimekomaa, na soko la Jumamosi limejaa zile zile. Dawa yake ni kusia kidogo kidogo, mistari miwili kila baada ya wiki mbili, ili meza iwe na mboga mwezi mzima. Ziada inaweza kukaushwa. FADECO, taasisi ya Karagwe iliyoanzishwa na Joseph Sekiku na inayojulikana pia kwa redio yake ya jamii, imehimiza kwa miaka mingi ukaushaji wa mazao kwa nishati ya jua. Majani yaliyokaushwa kivulini au kwenye kikaushio yanabaki na rangi na virutubisho vingi kuliko yaliyotandazwa juani juu ya bati.

Lakini soko silo lililonifanya niandike. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto takriban 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Kagera walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Huu ni mkoa wa ndizi na maharage, ambako ni nadra mtu kulala njaa. Mtoto anashiba matoke, tumbo limejaa, na bado mwili wake unakosa vitamini na madini. Mboga za majani peke yake hazitamaliza tatizo hilo. Linahusu pia maziwa, mayai, maji safi na muda wa mama. Ila fungu la mnavu lililochumwa dakika ile hatua tano kutoka jikoni, likapikwa na karanga, linamfikia mtoto hata siku ambayo mfukoni hakuna shilingi. Linamfikia zaidi pale baba anapokubali kwamba samadi si ya kahawa peke yake.

Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani na vifaa vya kupimia udongo kwa halmashauri. Mwenye bustani ya matuta matatu ana haki ya huduma hiyo sawa na mwenye ekari za kahawa, na aidai. Achukue udongo wa sehemu mbili, wa kibanjani na wa tuta jipya, kina cha kiganja kimoja, auweke kwenye mifuko tofauti iliyoandikwa, aupeleke kwa afisa ugani wa kata na kuomba pH ya yote miwili. Ikiwa ya tuta iko chini ya 5.5, aulize kiasi cha chokaa ya kilimo kinachomfaa. Afanye hivyo Mei, masika yakielekea kuisha, kisha aanze lundo la mboji mwezi huo huo, ili miezi mitatu ikipita na mawingu ya Septemba yakianza kukusanyika juu ya Kagera, mbolea iwe tayari na kitalu kiwe na miche.